Nilimwambia Arudishe Kalamu Mfukoni

Mshauri, mwanangu, nnakuandikia kuomba msaada na mie si mtu wa kuomba, nna miaka sabini na nne na sijapata kumwomba jirani hata chumvi, kwa hivyo soma mpaka mwisho, na majina yote yabadilishe, langu usiliandike kabisa. Nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, na darasa la tatu Unguja, basi. Barua hii nnaiandika kwa mkono wangu, makosa ya maandishi ni yangu, na hayo mengine utayaona mwenyewe.

Nnakaa Hail, huku Oman, na mjukuu wangu Hind, nimemlea mie tangu babake alipofariki, na sasa anafanya kazi hospitali, anapima damu za watu, mara zamu ya asubuhi mara ya jioni, na kila siku anasimama barabarani kungoja teksi au kuomba lifti kwa wenzake, jambo ambalo mie silipendi na nimemwambia mara elfu. Basi kajinyima miaka minne, hakununua hata mkoba, akaweka riyali elfu mbili na mia nne, akakopa benki elfu nne nyingine, anakatwa kwenye mshahara riyali sabini na nane kila mwezi kwa miaka mitano, ili anunue gari jipya, dogo, jeupe, lake mwenyewe.

Tukenda duka la magari mimi na yeye. Keshia kakaa nyuma ya kioo, wauzaji wanazungumza Kiarabu na Kiingereza, mie nimekaa kwenye kiti nnapepea uso, mara nasikia nyuma yangu, "Shikamoo bibi." Mshauri, wajukuu zangu mwenyewe wananambia "hai bibi" kama wanaita paka, na huyu kijana kanishika mkono kanipa shikamoo ya kwetu khasa. Nikamuuliza, we mwana wa nani? Akasema, "Mie Yaqdhan, mjukuu wa Bi Balqis wa Darsait." Nikamwambia, "Yaqdhan! Si wewe uliyenikojolea kanga yangu mpya siku ya Idi?" Watu wote dukani wakageuka. Akacheka, akasema, "Nisamehe bibi, nitakulipa kwa gari."

Huyo Balqis si mtu mbali. Tulikuja Oman pamoja mwaka sabini na tatu, tukakaa Darsait nyumba moja familia mbili, jiko moja, mie na yeye tumelala mkeka mmoja miaka mitatu, na mwanangu wa mwisho kanyonya kwake nilipougua. Nnamwita dada.

Bei ya ubaoni ilikuwa elfu sita na mia nane. Yaqdhan akatuvuta pembeni, akasema, "Nyie watu wetu, sikuacheni mlipe bei ya wageni. Mkilipa pale kwa keshia ndio hiyo hiyo ya ubaoni. Mkinipa mie mkononi, nnalipitisha jina la Hind kwa bei ya wafanyakazi, elfu sita na mia nne." Kwenye teksi Hind akanambia, "Bibi, kwa nini tumpe mkononi? Nikizihamisha kutoka benki yangu kwenda benki ya kampuni, inabaki alama." Nikamjibu, "Alama ya nini? Unamtia alama mtoto wa watu kama mbuzi?"

Alkhamisi baada ya alasiri Yaqdhan akaja kwangu. Nimempa halwa, nimempa kahawa. Hind akatoa bahasha za benki, kijana akahesabu mara mbili, na mie nimekaa pale pale nnatazama noti moja moja. Alipomaliza akatoa kalamu mfuko wa dishidasha, kanzu yake, akasema, "Hebu nikuandikieni kikaratasi." Hind akamsogezea daftari haraka, nikaona jinsi alivyokuwa akingoja neno hilo. Na mie, mshauri, mie mwenyewe, nikasema, "Yaqdhan, rudisha kalamu mfukoni. Na wewe Hind ondoa daftari lako, una adabu gani? Nimwandikishe mjukuu wa Balqis kama muuza samaki?" Hind akashika daftari kifuani akenda nalo chumbani. Kijana akairudisha kalamu. Nikamuongeza halwa.

Wiki ya kwanza tukaambiwa gari liko njiani. Ya pili, liko bandarini Suhar. Ya tatu, wanangoja mulkiya, ile kadi ya gari, ichapishwe. Ya nne simu imezimwa. Hind akenda dukani siku yake ya mapumziko, akarudi kakaa kwenye ngazi ya nje hata viatu hakuvua. Wamemwambia Yaqdhan kafukuzwa kazi, hakuwa na ruhusa kupokea pesa taslimu hata riyali moja, na kwenye daftari zao hakuna jina la Hind. "Risiti iko wapi, dada?" Kuna wanunuzi wengine wawili kawafanyia hivyo hivyo, lakini wale walimtilia pesa benki kwa jina lake, zinaonekana, na wameshashitaki. Zetu sisi hazionekani popote. Akenda polisi, askari akamuuliza, "Nani alikuwepo?" Akasema, "Bibi yangu." Akaambiwa, "Mlete."

Akaja akasimama mlango wa jikoni akanambia, "Bibi, utakuja kusema?" Nikamwambia wacha nifikiri. Leo siku ya kumi na moja nnafikiri. Hajaniuliza tena. Hanuni, na hilo ndilo linaloniuma, angenuna ningemgombeza tukaisha. Anaamka alfajiri, ananiwekea chai na vidonge vyangu kwenye kisahani, anatoka, na mie nnamwona dirishani kasimama barabarani anangoja teksi, huku mshahara umeshakatwa kwa gari ambalo hajalikalia.

Katikati ya siku hizo Balqis akaja. Kafungua kitambaa mbele yangu, mabangili yake sita ya harusi. Akasema, "Dada, nisitiri." Nikamwambia, "Balqis, pesa za mtoto yatima hizi." Akasema, "Nnajua. Atazilipa, nipe mpaka Ramadhani. Hao wengine wana karatasi, mambo yao yatakwisha na benki. Lakini ukenda wewe ukasema umeona kwa macho, mjukuu wangu kafungwa. Sema macho yako mabovu, hukuona vizuri." Nikamwambia, "Macho yangu mabovu? Mie natunga uzi kwenye sindano bila miwani!" Akasema, "Basi tunga, dada, lakini usiseme." Akalia, na mie nikalia, na alipoondoka kayaacha mabangili. Sikuyapokea, sikuyarudisha. Yamo kabatini chini ya mashuka.

Sasa nambie. Nikenda, nimemfunga mjukuu wa dada yangu. Nisipokwenda, Hind analipa miaka mitano kwa upepo. Nipe la kufanya, na usinifundishe adabu, hiyo nnayo.

Bibi wa Hail

*

Bibi wa Hail, shikamoo.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoamrisha, na majina nimeyabadilisha. Adabu sikufundishi. Pole nakupa, kwa sababu umeibiwa ndani ya nyumba yako na mtu uliyemlisha kwa mkono wako, na hilo linauma hata kama lingekuwa riyali kumi.

Pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Barua yako nusu nzima ni Balqis. Nimeisoma mara mbili, na mimi simwoni Balqis kuwa ndiye anayekuzuia. Kinachokuzuia ni swali la askari. Unajua atakuuliza, "Kwa nini hamkuchukua risiti?" na unajua jibu ni lipi, na utalitoa Hind akiwa amekaa pembeni yako. Mwizi mwenyewe alitoa kalamu, bibi. Ukamwambia airudishe. Hilo ndilo linalokunyima usingizi siku kumi na moja, na umelifunika na mabangili ya watu.

Ulitaka kumheshimu dada yako, nimekuelewa, na wengi katika sisi tungefanya hivyo hivyo. Tunasikia Kiswahili cha kwetu dukani, tunaulizana wewe mwana wa nani, na jina la bibi likitajwa tunafunga macho. Lakini heshima ile uliilipa kwa jasho la mtu mwingine. Hukutoa zako, ulitoa za Hind. Ungekuwa unanunua kwa pesa zako ningekwambia shauri yako.

Unasema ukienda umemfunga Yaqdhan. Hapana. Wewe utasema ulichokiona, na hukumu ina wenyewe. Sitara unayoombwa si hiyo tuliyofundishwa. Mtu akikosea peke yake unaweza kumfunika. Akichukua haki ya yatima, ukimfunika umeichukua pamoja naye. Na kuhusu mwenye kuficha ushahidi, bibi, wewe umekaa chuoni, aya unaijua kuliko mimi.

Mabangili yatoe kabatini leo. Usiyarudishe peke yako wala usimpe dereva; nenda na mtu mzima anayeaminika na nyumba zote mbili, mpe Balqis mkononi, yahesabiwe mbele ya huyo mtu. Mwambie maneno haya: "Dada, nakupenda, na kesho nakwenda kusema." Atakulilia. Pengine atakutukana, pengine hatokuja kwako tena, na umri wenu huo si wa kutafuta dada mwingine. Sikufichi, hilo litakuwa zito. Na kama jamaa zake wanataka kweli kumlipa Hind, walipe kwa njia inayopita mbele ya polisi au wakili, kwa maandishi, na isiwe kwa sharti la wewe kunyamaza.

Kisha Hind. Kabla ya polisi, kabla ya chochote, mwite akae, umwambie, "Nimekosa." Usiseme "Shetani alinipitia", usiseme "nani angejua". Yeye alijua. Alijua kwenye teksi, akakwambia, ukamwambia habari ya mbuzi. Neno hilo moja najua hujapata kulisema katika miaka sabini na nne, kwa hivyo lifanyie mazoezi bafuni kama ni lazima.

Unasema pesa zenu hazionekani popote. Zinaonekana zaidi ya unavyodhani. Hind aende benki yake achukue taarifa ya siku aliyotoa elfu sita na mia nne, tarehe na kiasi. Simu yake asifute kitu: yale maneno ya "gari liko njiani" na "liko bandarini" yaliandikwa au yalisemwa na Yaqdhan, na mtu haambii habari za gari mtu asiyempa pesa. Kama dukani walipewa karatasi yoyote ya bei yenye jina la kampuni, aipeleke pia. Kampuni nayo iandikiwe barua rasmi, kwa sababu kijana alimpata Hind ndani ya duka lao akiwa muajiriwa wao. Watajibu au hawatojibu, lakini wawe wameandikiwa. Na awatafute wale wanunuzi wawili, waende pamoja. Yote hayo ni vipande. Kinachoviunga ni mtu aliyekaa pale akiona noti moja moja, na mtu huyo ni wewe. Risiti aliyobaki nayo Hind ni wewe, na umeifungia chumbani.

Na nyinyi mnaosoma huku mnatikisa vichwa, msimcheke bibi wa watu. Wangapi mmeshampa muuzaji arubuni mkononi kwa sababu amewaahidi kuwapunguzia? Pesa ya gari hailipwi majlisi, sebuleni kwa watu. Hailipwi kwa simu ya muuzaji wala benki kwa jina lake, hata awe mtoto wa tumbo lenu. Inakwenda kwa kampuni, kwa jina la kampuni, kwa hundi ya benki au kuhamishwa, na kama ni taslimu basi kwenye kile kioo cha keshia, na huondoki pale bila risiti yenye muhuri, jina lako na gari lenyewe unalolipia. Namba ya benki ukitumiwa kwa ujumbe, usiiamini hivyo hivyo. Nenda dukani au piga namba ya kampuni uliyoitafuta mwenyewe, uulize. Arubuni ikiwa lazima, iwe ndogo, na iandikwe kama inarudishwa au hairudishwi. Zinazobaki toa baada ya kuliona gari. Na atakayekwambia bei inashuka ukipita mlango wa nyuma, mshukuru, uondoke kwa mlango wa mbele. Anayeuza kwa haki hakasiriki ukimwomba karatasi. Hata akikasirika, mwache akasirike.

Nirudi kwako, bibi. Sikuahidi kwamba pesa zitarudi. Huenda Yaqdhan ameshazimaliza, huenda kesi ikachukua miaka, huenda Hind akamaliza kulipa mkopo kabla hajapata hata robo. Mimi sikuandikii kukufurahisha. Lakini kuna tofauti ya mtoto anayelipa deni huku bibi yake yuko upande wake, na mtoto anayelipa huku bibi yake anamchungulia dirishani.

Kesho alfajiri akikuwekea chai, usimwache atoke peke yake. Vaa baibui lako, chukua kitambulisho chako, kasimameni pamoja hapo barabarani mngoje teksi, muende. Sema yote, na la kalamu liseme wewe mwenyewe, usingoje kuulizwa. Ukishamaliza watakuandikia maneno yako, watakusomea, kisha watakupa kalamu utie saini.

Safari hii, bibi, usiirudishe.

Mshauri wako