Kondoo wa Dijei Lushinge

Jumatatu, 3 Machi

Uji tena. Baba kala nusu bakuli, nusu imeishia kwenye shati. Nimembadilisha shati. "Sasa," akasema.

Ndilo neno pekee alilobaki nalo tangu kiharusi kimpige mwezi wa kwanza. Akitaka chai ni "sasa". Akitaka choo ni "sasa". Akikasirika ni "sasa, sasa, sasa". Mimi na mwanangu Pendo tunabahatisha tu. Leo tumempelekea blanketi, kumbe jua lilikuwa linampiga usoni.

Sina hasira naye. Nina hasira na hilo neno.

Cherehani sijaigusa. Sare za watoto wa watu zinanisubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Dada wa mazoezi amefika kutoka hospitali. Kanyoosha mkono wa baba, kanyoosha mguu, kisha akanikalisha chini. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuhangaikia maneno, kasema. Tukizembea, anaweza akabaki na hilohilo moja.

Akauliza mzee alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia huyu ni Dijei Lushinge, alikuwa dijei wa sinema kule machimboni Mwakitolyo, anatafsiri kwenye banda la video. Dada akapiga makofi. Basi mwimbieni, kasema. Wapo wagonjwa ambao kuongea kumegoma lakini kuimba kunatoka. Si wote. Jaribuni.

Nimefurahi kupita kiasi. Baba yangu aliimba katuni nzima nzima!

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima nimekuwa Mwakitolyo kichwani. Banda la maturubai, runinga moja, jenereta nje. Jumatatu mpaka Jumamosi ni sinema za ngumi kwa wachimbaji. Jumapili mchana ni katuni za watoto, na wachimbaji nao walikuja, wakakaa nyuma na tope lao la kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakisingizia wamefuata kivuli.

Madijei wengine wakifika kwenye wimbo walipeleka mbele. Baba hakuruka wimbo hata mmoja. Alizima sauti ya sinema, akashika maiki, akaimba kwa Kiswahili juu ya midomo ya wanyama. Ujanani alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwongoza nyimbo kwenye ngoma za Kisukuma, na ningi asipotaja watu kwa majina hajaimba. Kwa hiyo kila Jumapili mnyama wa kwenye sinema alimtaja mtoto mmoja aliyekaa pale chini. Mwenye homa. Aliyefiwa. Aliyehamia juzi na hana rafiki.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni nachunga waya wa jenereta usikanyagwe. Sikutajwa hata mara moja. Iliniuma. Bado inaniuma, na nina mtoto wa darasa la tatu.

Fundi simu wa stendi kanitafutia ile sinema tuliyoipenda kuliko zote, ya kondoo mdogo anayefuata treni kumtafuta mama yake. Kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 9 Machi

Imekuwa balaa.

Nimemwekea simu mbele, sauti juu kabisa. Kikaja kinanda, ikaja sauti nzuri ya mtoto kwa Kiingereza. Baba akaitazama simu kama kaletewa mtoto asiye wake. Halafu akageukia ukutani. Chakula cha mchana hakukigusa.

Pendo anasoma shule ya Kiingereza. Kanieleza wimbo unasema nini: kondoo anaziomba nyota zimwoneshe njia. Nyota? Baba hakuwahi kuimba nyota. Yeye aliimba hivi:

Mama hajapotea, kaenda kuchota maji,
kisima kiko mbali, jua bado lipo.
Sogea, sogea, behewani kuna nafasi,
mwite na fulani apande, safari ni yetu sote.

Hapo kwenye fulani ndipo jina la mtoto lilipoingia, kisha ukafuata ubeti wake.

Kumbe alitunga! Kiingereza cha baba kilikuwa "yesi" na "noo", na noo alikuwa haitumii sana. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza. Kisha nikakumbuka kwamba mama yangu alifariki mwaka uleule baba alipoanza kuonesha ile sinema. Kicheko kikaisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimeelewa nilipokosea. Nimempigia sauti ambayo yeye alikuwa anaizima. Wimbo wa baba haumo kwenye sinema. Haumo kwenye simu, haukurekodiwa popote. Umo kwenye vichwa vya watoto wa Mwakitolyo, na sisi tumetawanyika.

Nimemwimbia yale maneno ninayoyakumbuka. "Sasa," akasema, akafumba macho. Uji kidogo. Amekonda.

Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Shabani, anachomelea mageti hapahapa Kahama. Tulikaa naye chini kwenye lile banda. Amefunga, kwa hiyo hatukunywa hata maji. Nilipomweleza tu, akazima mashine akaimba barabarani bila aibu: kondoo kamwona Shabani anatetemeka kwa malaria, kamwambia panda, mbele kuna daktari. Kauimba ubeti wake mpaka mwisho. Nikamuuliza beti nyingine. Hakumbuki hata mmoja! Anakumbuka wake tu.

Kanielekeza kwa Mama Jeni, anayeuza mchele sokoni. Enzi zile alikuwa anaitwa Holo. Naye anakumbuka wake tu: kondoo anamuuliza Holo viatu vyake viko wapi, njia ina miiba. Alikuwa hana viatu. Wachimbaji waliokaa nyuma wakasikia. Jumapili iliyofuata alikuwa na raba mguuni, na mpaka leo hajui ni nani kati yao aliyenunua. Ameyasema hayo huku anapima mchele wa mteja, na mteja kasubiri mpaka hadithi imeisha.

Nimerudi nyumbani nimejaa. Nilikuwa sijui. Nilidhani baba anachekesha watoto.

Jumapili, 16 Machi

Wamekuja wote wawili.

Mama Jeni kapiga goti mlangoni, kamwamkia Kisukuma, "Mwadila, baba." Shabani, "Shikamoo, mzee." Baba akawajibu kwa neno lake. Sijui kama aliwatambua.

Nimeweka simu juu ya kigoda. Picha tu, sauti nimezima. Treni ikaja, kondoo akapanda, mdomo ukafunguka. Tukaanza. Shabani haimbi, anafoka. Mama Jeni yuko juu kuliko sote. Mwanzoni baba alitutazama kama watu waliochanganyikiwa. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto, ule mzima, vidole vinajikunja kushika kitu ambacho hakipo.

Pendo ndiye aliyeelewa. Kakimbia jikoni, kaleta mwiko, kampa.

Baba akaupeleka mdomoni. Akaimba. Mama hajapotea. Kaenda kuchota maji. Maneno mazima, si ya kuokoteza. Sauti imekwaruza lakini ni yeye, ni dijei wetu. Sisi tukamwachia. Kisima kiko mbali, jua bado lipo. Akafika pale pa jina. Mwite na...

Akakwama. Kondoo kwenye simu anafumbua mdomo, baba naye anafumbua mdomo, jina haliji. Pendo akapiga kelele, "Babu! Mwite Babu!"

Baba kacheka. Kacheka mpaka mwiko ukamdondoka.

Shabani alilia kuliko mimi. Wakati namsindikiza nikamwambia lile linaloniuma, kwamba mimi sikuwahi kutajwa. Akasimama akanishangaa. "Kabula, wewe ulitaka nini tena? Wimbo mzima ulikuwa wako. Sisi alituazima mstari mmoja mmoja."

Nimerudi ndani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Shabani, nimemshukuru aliyetengeneza katuni ile huko aliko, asiyejua tulichoifanyia.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimemuuliza chai au uji. "Sasa."

Nimevunjika moyo, nisijidanganye. Nimempigia dada wa mazoezi. Kasema kuimba si kuongea, lakini mlango umefunguka, msiache.

Hatuachi. Pendo kaingia kazini. Kila akitoka shule anamuimbisha babu yake, na jina anachagua yeye. Leo behewani kapanda mwalimu wa hesabu.

Ijumaa, 21 Machi

Anakula vizuri. Leo behewani wamepanda paka wa jirani, mama mchungaji na Pendo mwenyewe. Majina yote kayataja Pendo. Baba anaimba mpaka hapo anamsubiri, akishapewa anaendelea.

Mama Jeni kaleta mchele. Nimekataa, kauacha mlangoni.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Pendo yuko shule. Hakuna aliyeimba leo.

Nimekaa kwenye cherehani, nashona kola. Baba yupo kwenye kiti chake karibu na mlango, anaangalia maji yanavyojaa kwenye pipa. Nikasikia naitwa. Sikugeuka, nilidhani ni jirani anataka ndoo yake.

"Kabula."

Nikaachia pedali.

"Kabula. Maji."

Si wimbo. Hakuwa ameshika mwiko wala hakuwa anacheza na mtu. Alikuwa na kiu.

Nikamletea. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akaendelea kuangalia mvua. Nimerudi kushona.