Kura ya Tatu

Mdogo wangu Kathirvel,

Huku mvua imeanza, na goti la mama mkwe limepoa. Shemeji yako Ilango ameanguka tena kwenye uchaguzi, mara ya sita. Kituo cha mtaa wetu kimempa kura tatu tu.

Muthukaruppan wa duka la vyombo kamshika mkono: "Wakili, haki ya Mungu nilikupigia wewe!" Mwongo huyo! Kesi yake ya ukuta haijaisha. Wakili akienda kwenye bunge la jimbo Chennai, nani atamtetea?

Ilango anamshuku kila mtu isipokuwa mimi. Kura moja yake, nyingine ya mama yake, ya tatu anaapa ni yangu.

Si yangu, Kathir. Nimechoka kuwapikia wapambe wake. Ila tangu jana nawachunguza wanawake wa mtaa mzima.

Dada yako asiyelala,
Senthamarai