Mjomba, Akbari Amerudi Tindiga

Mpendwa mjomba Shabani,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huko uliko najua umeshapata watu wa kuwasimulia na huna muda na mimi. Usinune nikikutania. Mpwa ana haki kwa mjomba wake hata mjomba akiwa udongoni, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba msiba bila mtani ni mboga bila chumvi.

Nina habari njema: banda lako la video halijafungwa, na aliyeliokoa ni mimi. Nasema mapema ili ukichoka kusoma katikati, uwe umeshalipata lililo kubwa.

Unaikumbuka ile filamu ndefu ya Kihindi ya wafalme wa Kimoguli? Ulituambia ni ukoo wa Kiislamu ulioingia Bara Hindi kwa upanga, ukakuta nchi imejaa Wahindu, ukakaa vizazi na vizazi ukitawala watu wasioswali nao. Ulipunguza sauti ya televisheni, ukashika maiki, ukatafsiri. Na Kihindi chenyewe ulichokijua ni majina ya vitambaa tu, ya siku zile unabeba majora kwa yule mzee wa duka Kilosa mjini. Habari za wafalme alikusimulia yeye wateja wakiadimika, yaliyopungua ukajaza mwenyewe. Mfalme akifungua mdomo mara moja kule India, wewe hapa kijijini Tindiga ulisema mpaka koo likakauka, na hakuna aliyelalamika.

Kwa Babari, yule wa kwanza, ulitutoa machozi. Ulisema alishinda vita, halafu akaletewa tikiti kutoka kwao, akalikata, akalia kwa kukumbuka nyumbani. Mzee Masanja, aliyefika huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alijifuta macho kwa kofia akasema ni vumbi. Mwana wa Babari, Humayuni, yeye aliteleza kwenye ngazi za maktaba akafa. Toka siku hiyo mimi na vitabu tukawa tunasalimiana kwa mbali, na nilipoacha shule kidato cha pili, mama alijua wa kumlaumu.

Lakini wetu alikuwa Akbari. Hakujua kusoma. Ulilisema hilo huku unanitazama mimi, banda zima likacheka, nami nikatanua kifua. Hakujua kusoma, akatawala nchi isiyo na mwisho, akaoa binti wa Kihindu akamwachia dini yake, akafuta kodi waliyotozwa wasio Waislamu, akawaita mashehe, mapadri na makuhani wa Kihindu wabishane mbele yake, yeye anasikiliza tu. Mimi nina sifa zote hizo isipokuwa ufalme na binti.

Nawe ulikuwa na sheria moja pale mlangoni: hakuna kukaa na wa kwenu. Mkulima wa mpunga ulimweka ubavuni mwa mfugaji, wa msikitini na wa kanisani benchi moja. Mtu akigoma ulimwambia, "Kwa Akbari hakuna kona ya watu fulani," ukamkung'utia benchi vumbi akae.

Ulipoondoka, sheria ikaondoka nawe. Tukahamia kwa Aurangzebu, yule kitukuu wa Akbari aliyeirudisha ile kodi na kuwatoa wanamuziki barazani. Ng'ombe wa Mzee Masanja waliingia mpunga wa Mama Zuhura, ugomvi ukawa wa kijiji kizima. Wakulima wakiona baiskeli za wafugaji nje ya banda, wanageuza. Wafugaji nao hivyo hivyo. Mkeo alivumilia, mwishowe akaniambia Jumapili inayokuja mabenchi yakiwa matupu tena, anayatoa aweke magunia ya mahindi. Sikumlaumu. Mahindi hayachagui jirani.

Basi nikazunguka na spika begani natangaza: Akbari amerudi Tindiga, mtafsiri ni mimi. Walikuja, mjomba. Wengi walikuja kunicheka, lakini kiingilio cha kucheka ni kile kile. Wafugaji, wengine na nguo zao za ibada, wakakaa kulia. Wakulima kushoto. Katikati wakaacha njia ambayo ng'ombe angepita bila kugusa goti la mtu. Nikawasomea sheria yako. Mama Zuhura akaniuliza kama mjomba ameniachia na ndevu.

Nikaanza kutafsiri. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi mchanga, nikaikemea, ikatulia. Akbari ndiyo kwanza anakaa kwenye kiti chake, umeme ukakatika.

Unajua lile banda na maturubai yale madirishani. Hata saa nane mchana ni giza la kaburi, samahani kwa mfano. Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanainuka. Hapo nikakukumbuka. Wewe umeme ukikatika hukuwahi kunyamaza. Ulivuta dumu tupu la maji, ukalipiga kwa mlio wa kwato za farasi, filamu ikaendelea bila picha. Nikalipapasa lile dumu chini ya meza, nikalipiga taratibu, pigo zito.

Nikawaambia huyo siyo farasi, ni tembo. Nani hapa hajawahi kupita mbuga ya Mikumi? Basi tembo wa mfalme mwenyewe ameingia mpunga wa mama mmoja wa Kihindu, amegaragara humo mpaka umelala kama mkeka. Mama amekuja barazani kushitaki, na mwenye tembo ndiye hakimu. Dini yake si ya mama, lugha yake si ya mama. Atahukumuje?

Mabenchi yakalia tena, watu wanarudi kukaa. Mimi nikabaki napiga dumu, kwa sababu sikujua atahukumuje. Akili yangu ilikuwa imefika mwisho wa reli. Usimwambie mtu.

Ndipo sauti ya Mzee Masanja ikatoka upande wa kulia. "Mchungaji wa huyo tembo alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala," Mama Zuhura akajibu kutoka kushoto. "Wanalalaga mchana."

Giza likacheka, pande zote mbili. Mzee Masanja akangoja kicheko kiishe. Akasema mchungaji aamshwe, na mfalme aanze yeye kufidia mpunga, maana mkubwa asipoanza, mdogo hana pa kuigia. Watu wa kushoto wakaguna kwa kuridhika. Kisha akaongeza, pole pole, "Lakini na huyo mama aseme kweli. Njia ya tembo kwenda mtoni, hakuilima?"

Mjomba, nikasikia benchi la Mama Zuhura linalia.

"Kidogo," Mama Zuhura akasema. "Pembeni."

Umeme ukarudi. Nikaona ile njia ya katikati haipo tena: watu walikuwa wamesogea gizani ili wasikie vizuri, goti kwa goti, na hakuna aliyekumbuka kuuliza ni goti la nani. Kwenye televisheni Akbari anaongea Kihindi chake kwa nguvu zote. Mzee Masanja hakumtazama hata kidogo.

"Kijana, zima hiyo," akasema. "Tumalize kesi kwanza."

Sikudanganyi kwamba siku hizi wanapendana. Juzi wamenuniana tena kwenye foleni ya bomba. Ila Mzee Masanja ameanza kuufidia mpunga, na yeye na Mama Zuhura wamekwenda shambani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, wakapanda ua wa minyaa pande zote mbili za njia ya ng'ombe. Jumapili mabenchi hayatoshi, na mkeo ameyarudisha magunia yake jikoni. Anasema natafsiri kama wewe, tofauti ni kwamba wewe ulikuwa unapumua.

Maiki yako sijaifuta. Bado inanuka tangawizi uliyokuwa ukitafuna kabla ya kuanza, nami kila nikiishika natabasamu kama mjinga kabla sijasema neno. Watu wanadhani ni mbinu.

Pumzika, mjomba. Na kama huko umekutana na Akbari mwenyewe, mwombe radhi kwa yale ya tembo, halafu umuulize yeye angeamuaje. Akijibu, nakuomba, kwa mara yako ya kwanza, usimtafsirie.

Ni mimi mpwa wako,
mrithi wa dumu.