Mguu wa Besi ya Mzee Telesfori

Jovina, nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Unaijua besi ya mzee Telesfori, ile fidla kubwa kama mtu, aliyokimbia nayo mgongoni kutoka Burundi? Mguu wake wa chuma ulipotea njiani, nikamchongea wa mti kutoka kwenye mpini wa jembe.

Ukawa unalegea. Nami nikafanya vile tunavyofanyia mpini wa jembe: nikaumwagia maji ili uvimbe, ukaze kwenye tundu lake chini ya besi.

Umekaza kweli! Leo kwenye mazoezi ya kwaya kigangoni, katikati ya wimbo, kwaa! Ubao wa chini umepata ufa.

Mzee akaacha kupiga. "Nani ameulowesha huu mguu?"

Novatus wa ngoma akanong'ona, "Nani tena kama si fundi wetu wa majembe!"

"Ni mimi, mzee."

Hakufoka, Jovina. Afadhali angefoka! Akalegeza nyuzi, akachora alama ya penseli pale ufa ulipoishia. "Mguu hautoki mpaka ukauke. Keti hapa uutazame huu ufa. Ukivuka alama, sina besi tena."

Wote wameondoka. Nimeketi sakafuni, kila nikiandika neno natazama ile alama ya penseli.

Haujavuka.

Usinipigie. Naogopa hata simu ikitetema.