Chungu Kilicholia Vizuri

Jumatatu, 16 Juni 2025

Vipande vya kauri yenye nyuzi vimetoka tanurini. Injinia Ignas anavibana kwenye mashine na kuvivunja; mimi karani naandika namba. Kikiwa baridi, kipande hakivunjiki mara moja. Ufa unaanza, nyuzi zinaushika, zinachomoka polepole kama za mkonge. Kauri tupu ingepasuka kama sahani. Injinia amefurahi. Alhamisi tunayeyusha aluminiamu kwenye chungu kipya cha kauri hii, mbele ya mwenye karakana na wageni wake. Atakayekinyanyua ni Twalibu, mume wa dada yangu Raya. Anasema afadhali, kile cha zamani kilimwunguza kidole.

Jumatano, 18 Juni

Baridi. Milima haionekani kwa mawingu. Leo tumevunja vipande vilivyokaa motoni tangu jana, vikiwa bado vyekundu. Tik — basi! Hakuna onyo. Palipokatika ni laini kama sabuni iliyopitishwa kisu, hakuna uzi hata mmoja uliochomoza. Nadhani najua: hewa ya moto imezigandisha nyuzi kwenye udongo, kwa hiyo ufa unapita moja kwa moja. Nilimwambia Injinia. Akasema mashine ilibana vibaya, na karani abaki na ukarani wake. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikarudi kuandika namba.

Twalibu yeye alikigonga chungu kwa konzi, sikio karibu, kama mama yake anavyopima vyungu vyake kule Matombo. Karakana nzima tunapima hivyo, hata Injinia. Kililia vizuri. Nikamwambia kimelia kwa kuwa bado hakijapata moto; kikiwa chekundu kitakatika kama vile vipande.

"Shemeji, kimelia kama kengele ya misheni. Unataka kiimbe na kwaya?"

Wakacheka.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi, ofisini. Wageni wamekaa. Chungu kimekesha motoni, na aluminiamu imeshayeyuka ndani yake. Koleo refu la kunyanyulia halionekani, Injinia anafoka. Liko nyuma ya kabati langu. Nililificha mwenyewe kabla hawajafika. Nilidhani wataahirisha. Niliona ni rahisi kuliko kusema tena.

Hawaahirishi. Injinia kasema watumie nondo. Twalibu kazipata, anazifuta vumbi, ananitazama hapa dirishani. Anasema nondo zinataka watu wawili, na wa pili awe mimi, shemeji yake, kwa kuwa mimi ni mwangalifu.