Viboksi vya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Kiboksi cha jana cheupe. Sawa, Jumapili. Lakini cha Jumamosi nacho cheupe! Nimekaa mbele ya kompyuta mpaka pasi imepoa.

Tangu Kidosho, kitindamimba wangu, augue mwaka jana, hii ndiyo salamu yangu. Alilala hapa wiki tano, anafanya kazi za ofisi kitandani na homa yake. Alipoondoka akaniachia kompyuta yake kuukuu, akanionyesha ukurasa wake wa kazi za ofisini. Siku aliyofanya kazi inapata kiboksi cha kijani. Kijani — mwanangu kaamka, kala, ana nguvu. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, naangalia, natoka, naenda kwenye mashuka ya wateja.

Mchana kapiga mwenyewe. Mzima! Sauti tu imekauka. Eti ufunguo wa ofisini unaisha Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwuliza ufunguo gani huo unaoisha. Kacheka, afadhali.

Ofisi yao ina mashine yao wenyewe, iko chumba cha nyuma. Ndani mna programu, mafundi wote wa kompyuta wanaweka kazi zao humo, na mwanangu ndiye mtunzaji. Programu imetengenezwa na kampuni nyingine. Hao ndio wanaotoa ufunguo — mstari mrefu wa herufi usiosomeka. Kumbe ndani yake wamefungia jina la ofisi, idadi ya watu na tarehe ya mwisho, na wameupiga muhuri. Nikasema si ubadilishe hiyo tarehe tu, nani ataona? "Mama! Ukigusa herufi moja muhuri haulingani, mashine inakataa wote." Basi, yameisha.

Tarehe ikifika mashine haizimiki. Kazi za zamani watazisoma, mpya hawataweza kuweka. Watu ishirini mikono mifukoni, wanamtazama yeye!

Ufunguo mpya anao, wa watu ishirini; wa zamani ulikuwa na nafasi zaidi. Mashine imeukataa. Inasema humu mna watu ishirini na mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Mwizi!

Kidosho kanipigia akiwa kwenye ngazi, ananong'ona. Kuna mtu anaingia kila asubuhi, anatokea mbali, nje ya ofisi. Haibi, haandiki. Anaangalia tu anatoka. Jina anatumia Jaribio Mbili. Majina ya majaribio kama hayo mafundi huyafungua wakayasahau, na lisipotumika siku tisini mashine hailihesabu tena. Hili halilali. Bosi kasema lisifutwe kwanza, mtu anaswe. Na aliyemfungulia akijulikana, arudi kwao.

Nimemlaani huyo mtu! Mkono ukauke, macho yapofuke. Mzee wangu katoa kichwa bafuni na povu lake, eti leo nagombana na nani.

Nikamwuliza anaingia saa ngapi. "Kumi na mbili juu ya alama, Mama. Mshenzi ana nidhamu."

Nikaitazama kompyuta. Ghafla naye akasema anaitwa, akakata.

Alhamisi, 6 Machi

Juu kulia, kwenye pembe ya ukurasa, herufi ndogo. Mwaka mzima sijawahi kuzisoma.

Jaribio Mbili.

Ni mimi. Mkono ukauke, nilisema. Macho yapofuke.

Alinifungulia yeye, na homa yake, akasahau. Mimi ndiye niliyelinyima usingizi hilo jina. Nikisema, aliyefungua mlango ni mwanangu. Nisiposema, kesho ufunguo unaisha, na mtunzaji ni huyohuyo mwanangu.

Mzee anasema ninyamaze, nisiguse tena kompyuta, jina litalala lenyewe. Nikamwambia litalala baada ya siku tisini, wewe, na kesho ni kesho! Akasema mbona nimekuwa fundi ghafla. Sikucheka. Nimeunguza foronya ya mteja.

Nimempigia Kidosho mara nne. Ya tano kapokea, watu wanaongea nyuma yake. Nikasema mwanangu, nina neno. Akasema, "Si sasa, Mama. Umekula?" Mimi ndiye niliyeulizwa kama nimekula! Akakata.

Sifungui tena. Naapa. Nimeifunika kompyuta kwa kanga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua.

Simu yake ilikuwa imezimwa tangu alfajiri. Nifanyeje? Mwaka jana simu ilizimwa hivihivi, kumbe kaanguka sakafuni peke yake. Nikaiondoa kanga. Waninase.

Kiboksi cha leo kijani! Saa kumi na mbili asubuhi na tayari kijani.

Na chini ya jina lake, mahali ambapo siku zote huwa patupu, kuna maneno. Nimeyasoma kwa kidole, moja moja. "Nimeamka, Mama. Chai nimekunywa. Jaribio Mbili ni mama yangu, nilimfungulia mimi."

Nimefurahi kama mjinga. Nikamwita Mzee aje aone. Kaja, kasoma, hakutabasamu. Akauliza, "Huu ukurasa si ndio ule wanaousoma wote?"

Wote. Ishirini. Na bosi.

Sasa simu yake inaita, hapokei. Ofisi inafunguliwa saa mbili. Pasi iko juu ya moto, sijui nimeiweka saa ngapi. Nilipogeuka kuangalia tena, ukurasa umekuwa mweupe mtupu, unaniuliza mimi ni nani; Jaribio Mbili haulitambui tena.