Bega Langu na Mashine Isiyouma

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimeanza mashine ya bega hospitalini. Dominick, kijana wa mazoezi ya viungo, kanipaka dawa ya baridi, inateleza kama mlenda, kisha akazungusha kichuma bapa juu ya bega la kulia. Dakika saba. Ati mawimbi ya sauti yanaingia kwenye nyama. Sauti yenyewe sikuisikia! Wala maumivu — kajoto tu. Nikamuuliza kama imewaka. Akacheka, akasema imewaka, mama.

Sina muda wa kuchezewa. Jenipher wangu anajifungua mwezi huu, anakuja kwangu. Nani atamkanda?

Alhamisi, 6 Juni
Mara ya pili. Bado haiumi. Marehemu mama akikukanda ulijua umekandwa. Nilipomzaa Jenipher alinikanda siku arobaini, asubuhi na jioni. Taulo limetoka kwenye maji yanayofuka, viganja kiunoni, mimi nauma khanga nisipige kelele. Halafu uji wa pilipili manga. Nimemkumbuka mno leo, mpaka harufu ya mikono yake.

Jumamosi, 8 Juni
Ujinga wangu! Jana nilimwita wifi Scholastica amalizie kazi ya mashine. Taulo la moto, na abonyeze hasa. Alibonyeza. Nilifurahi, maumivu ya kueleweka, kama ya mama. Leo mkono hauinuki hata kuchana nywele.

Jumatatu, 10 Juni
Dominick hakunigombeza. Heri angenigombeza. Bega limevimba ndani, mashine isimame kwanza, na nisikande mtu miezi miwili. Nikamwambia mzazi hangoji miezi miwili. Akainama, akaandika kwenye kadi.

Ijumaa, 21 Juni
Jenipher kajifungua juzi, mtoto wa kike. Wamefika leo mchana. Nikamwambia shangazi yake Scholastica atamkanda. Hataki. Anataka mikono yangu, kama mimi nilivyopata ya bibi yake. Habari ya bega sijamwambia.

Nimechemsha maji. Nimekamua taulo kwa mkono wa kushoto, nikaliweka kiunoni kwake, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Machozi yalinitoka. Bahati alikuwa amelala kifudifudi.

Akasema, mama, anza basi, maji yatapoa.

Nimemwambia nafuata mafuta. Niko jikoni na daftari. Mafuta haya hapa, mbele yangu. Ananiita tena.